Mwani wa Kidimbwini Haumalizwi kwa Ndoo

Kidimbwi cha bustani kikigeuka kijani, mtu hukimbilia ndoo. Nami nilikimbilia. Nilimwaga maji yote, nikasugua kuta mpaka zikatakata, nikajaza maji ya bomba. Hazikupita wiki mbili, kijani kikarudi kimekolea kuliko mwanzo.

Tangu hapo nasema wazi: kumwaga maji ni kuupalilia mwani. Mwani huishi kwa jua na chakula, na chakula chake kikuu ni naitreti na fosfeti, ambazo mara nyingi huja na maji yaleyale ya bomba. Tena ukisugua kuta unawaondoa bakteria wanaoibadili amonia itokayo kwa samaki kuwa naitreti. Amonia ikibaki, samaki hufa.

Mimi huanza na mkono unaolisha. Samaki wapewe kile watakachomaliza kwa dakika chache, basi. Punje ikizama huoza, na uozo huo ndio karamu ya mwani. Majani makavu nayo yaopolewe yangali yanaelea. Kisha panda mimea: mayungiyungi yakitanda nusu ya uso wa maji hukinga jua, na mimea inayoishi chini ya maji hufyonza chakula kilekile ambacho mwani ungekila. Hii ni kazi ya miezi, si ya siku. Lakini asubuhi ile unapochungulia ukaona mawe ya chini, moyo hutulia kwelikweli.

Mwani wa nyuzi una tabia yake. Huweza kutanda hata maji yakiwa maangavu. Usokote kwenye kijiti, uvute, uuache ukingoni usiku kucha ili konokono na wadudu warudi majini. Taa ya urujuanimno, ile ambayo maji hupitishwa mbele yake ili miale yake iue mwani, hapa haisaidii, hiyo ni ya mwani mdogomdogo unaoelea.

Kinachoniuma hasa ni dawa. Mwani ukifa wote kwa mpigo, bakteria wanaouozesha hunyonya oksijeni ya maji, na usiku mimea nayo huitumia bila kuitoa. Alfajiri unawakuta samaki juu, vinywa wazi, wakitafuta pumzi. Dawa zenye shaba huua na konokono pia.

Ule utando mwembamba wa kijani juu ya mawe mimi siugusi. Konokono na viluwiluwi huukwangua wakala.