Mtaa wa Namba Tupu

Mtaa ukiitwa Mbuyuni unajua utafute nini. Hata mbuyu ukikatwa, atapatikana mzee wa kukuonyesha ulipokuwa. Sasa mimi nipo Bengaluru, India, namuuguza mjomba aliyekuja kubadilishwa goti, na mtaa tuliopanga chumba, Jayanagar, karibu barabara zake zote zimepewa namba. Zinazokwenda huku ni Main, zinazozikata ni Cross, na zote zimefungiwa ndani ya Block ambazo nazo zina namba. Ukimuuliza mtu anakaa wapi anakusomea hesabu ya darasa la nne.

Wanasema ni mpango. Jiwe la msingi liliwekwa 1948, India ikiwa na mwaka mmoja tu tangu Mwingereza afungashe virago, na mtaa ukachorwa kwa rula. Sawa, rula naiheshimu. Lakini aliyeishika alifika mahali akachoka, maana kuna Block ya 4, halafu kuna Block ya 4 T. Na ukivuka kwenda upande wa pili unaingia J.P. Nagar, huko hakuna tena Block, kuna Phase, na namba zinaanza upya! Cross ya 5 ziko nyingi jiji zima. Mtu anaweza kukuahidi muonane Cross ya 5 na mkazeeka kila mmoja kwenye yake.

Basi juzi mjomba kaamka na neno. "Toka ukanitafutie unga wa uji. Hizi dosa zenu zimenichosha."

Zetu! Dosa ni mkate wao mwembamba kama chapati, wa mchele na dengu. Mimi wa Temeke, eti dosa zangu. Lakini mgonjwa habishiwi, hasa mgonjwa ambaye ukoo mzima ulikaa kikao kumchangia nauli.

Kutoka getini kwenyewe ni mtihani. Anti mwenye nyumba kila alfajiri anamwagia maji mbele ya geti, kisha anachora rangoli kwa unga mweupe, nukta na mistari inayozungukana bila kugusana, kazi safi kabisa. Lakini kwa nini pale pale mguu unapotakiwa kutua? Na mimi mwili ninao. Naruka, natua karibu na mbwa wa mtaa, mbwa ananiangalia, anaendelea kulala katikati ya barabara. Hapa gari ndilo linalompisha mbwa. Kwetu hata mimi sipishwi.

Na kimya sasa! Nyie mliozoea India ya kwenye runinga, njooni Jayanagar saa nane mchana. Unasikia presha kuka za nyumba tatu zikipiga filimbi, na ukikaa mwezi unaanza kujua nani anapika dengu. Mikrismasi imechanua njia nzima, nyekundu mpaka chini, na ni Mei. Mei! Mti unaotutangazia sikukuu Dar, hapa unachanua watu wakipepewa na feni. Nilijikuta naanza kuwaza ada za Januari bila sababu.

Nikapita ukuta mmoja mrefu, mtupu, wa kuvutia kwa mtu aliyekunywa maji mengi. Wenyewe wameshaliona hilo. Wamebandika vigae vya picha: miungu ya Kihindu, pembeni Yesu, pembeni yake msikiti wa Makka. Ukuta mkavu! Sisi tunaandika "Usikojoe hapa, faini 50,000" na watu wanaisoma huku wanakojoa.

Sasa njia ya dukani. Nimegundua hapa mtu haoni vizuri kukwambia hajui. Ni ukarimu, nakubali, lakini ukarimu huo umenitembeza. Kijana wa kwanza: nyoosha, kata kulia. Mama wa mboga: geuka, kata kushoto. Mzee wa tatu alinishika mkono akanipeleka mwenyewe, tukatembea tukizungumza kriketi, ambayo siijui, na akaniacha mbele ya duka la miwani.

Aliyeniokoa ni mpiga pasi. Yuko chini ya mti na toroli lake, pasi ya mkaa nzito vile vile kama ya bibi yangu. Huyu anazijua nyumba kwa mashati. Nilipomtajia namba zetu alinikatalia, akaangalia shati langu, akasema, "Wewe ni wa kwa Anti, mwenye mjomba wa goti." Akanielekeza duka, na ndiko nikaukuta unga wenye rangi ninayoijua. Ragi, wanasema. Ulezi! Karnataka, jimbo lenye jiji hili, ndiyo inayoongoza India kwa kuulima, na asili yake ni huku kwetu, nyanda za juu za Uganda na Ethiopia. Ulivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita, bila viza ya matibabu, bila kikao cha ukoo.

Nimerudi nao kifua mbele. Anti akauona, akaninyang'anya. Uji gani? Akaingia jikoni, akatoka na mudde, bonge la ugali wa ulezi la duara, linang'aa, na bakuli la mchuzi. Akamwelekeza mjomba kwa vitendo: mega, chovya, meza. Usitafune.

Mjomba ni Mgogo wa Kongwa, hajawahi kufundishwa kula ugali na mtu. Akatafuna. Anti akamkemea, jamani, mtu mzima na goti jipya! Akamega tena, akachovya, akameza. Akanyamaza kidogo. Mimi nimesimama na miguu inawaka, nasubiri hata ahsante.

"Muulize," akasema, "kama wana mlenda."