Kitabu Kikilalamikiwa, Kwanza Kisomwe

Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za kimaadili. Vya Diary of a Wimpy Kid, mfululizo wa hadithi za watoto, navyo vilikuwamo. Sibishani na mzazi anayechagua mwanawe asome nini. Kinachonisumbua ni pale uamuzi unaposhuka kutoka juu, na mkutubi, ambaye ndiye anayezijua rafu zake, anabaki kuwa mtu wa kupakia maboksi.

Malalamiko mengi ya siku hizi huja na simu mkononi. Mzazi katumiwa WhatsApp picha ya ukurasa mmoja, hasira zimempanda, anataka kitabu kiondoke leo hii. Mpe kiti, msikilize mpaka mwisho. Kubishana naye mbele ya wasomaji ni kumwagia moto petroli. Akitulia, mpe fomu. Umekisoma chote? Ukurasa gani umekukera? Unataka kihamie rafu ya wakubwa au kiondolewe kabisa? Sitashangaa kalamu ikisita kwenye swali la kwanza.

Kamati ya kupitia malalamiko ikiwa inasoma, kitabu kibaki rafuni. Hapo mimi sirudi nyuma. Kukitoa "kwa muda" ni kuhukumu kabla ya kusikiliza, na huo muda nani ataufuatilia?

Ya Island Trees, wilaya ya shule huko New York, Marekani, yanatosha kuwa onyo. Mwaka 1976 bodi ya elimu iliondoa vitabu kwenye maktaba za shule, baada ya wajumbe wake kupata mkutanoni orodha ya vitabu vilivyodaiwa havifai. Vitabu vikiwa tayari vimetolewa, ndipo ikaunda kamati: wazazi wanne, wafanyakazi wa shule wanne. Kamati ikashauri vitano vibaki. Bodi ikarudisha kimoja tu bila masharti. Wanafunzi, akiwamo Steven Pico, wakashtaki, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamua kesi yao isikilizwe. Miaka sita yote hiyo kwa sababu wakubwa hawakutaka kuisikia kamati waliyoiunda wenyewe!

Kwetu ningependa fomu hiyo iwepo kwenye kila kaunta ya maktaba, jibu litolewe kwa maandishi na sababu zake, na asiyeridhika akate rufaa. Kamati ikiona mzazi ana hoja, kitabu kihamishwe bila kinyongo. Vipo vya wakubwa vinavyojikuta rafu ya watoto kwa sababu tu jalada lina katuni.