Hapana Imeadimika

Yakhe, mie natafuta mtu mmoja tu Unguja hii anitolee "hapana" iliyonyooka. Sitaki kingine.

Leo asubuhi nimekwenda dukani kwetu Kiembesamaki, nikopeshwe kilo mbili za mchele mpaka mwisho wa mwezi. Kanzu nimeipiga pasi, kofia iko sawa. Mkopaji naye mtu. "Ami, nna shida ndogo." Akaniuliza hali. Nikajibu. Akauliza watoto. Akauliza mama. Akauliza goti la mama. Mkono keshauweka juu ya kopo la kupimia, limezama guniani, moyo wangu ukachanua. Mkono ukabaki palepale.

"Ungekuja jana, mwanangu!"

Jana nilikuja. Aliniambia nije kesho.

Akalamba kidole, akafungua daftari la madeni, akasoma kimoyomoyo kurasa tatu nzima, akatikisa kichwa kama aliyepokea habari za msiba, akalifunga taratibu. "Nshaallah."

Nshaallah ya kunipa au ya kuninyima?

"Mungu mkubwa."

Kisha akanipa pipi ya mtoto, akaniombea dua, nami nikaitikia amina kwa sauti. Nimefika nyumbani, mke ananitazama mikono, ndo najua kumbe nimenyimwa! Wazee walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mie hata sikufukuzwa, nimesindikizwa!

Na maneno tunayo. Sitaki, hapana, katu. La, hasha na abadani yametujia kwa Kiarabu, yamevuka bahari yote ile, yamefika Unguja yamekaa tu, hakuna wa kuyatumia. Mdogo wangu alipeleka posa, akajibiwa "mtoto bado anasoma." Mtoto huyo ndiye anayemsomesha mwanangu skuli, darasa la nne! Fundi bomba naye "niko njiani" tangu Ramadhani.

Sema hunipi, bwana! Ninunue muhogo, nijue moja!

Asiyejua kukataa kabisa ni utingo wa daladala ya 505. Gari imejaa mpaka mlangoni, yeye "nafasi ipo, ingia mzee." Narudi kutoka Darajani nimekaa nusu kalio, ndoo ya pweza wa bibi mmoja iko mapajani kwangu, kila breki maji yake yananijia. Bibi ananihimiza niishike vizuri. Na kanzu hii nimeipiga pasi usiku wa manane, maana umeme wenyewe ulirudi saa sita.