Maziwa ya Parma, sukari ya Mtibwa

Mwaka 1999 kaka yangu aliniletea jezi ya mtumba, mistari ya njano na buluu imelala, kifuani pameandikwa Parmalat. Nilikuwa shule ya msingi Tanga, na kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo jina la timu, kumbe timu ni Parma ya Italia. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu kikosi chao tulikihifadhi kichwani: Buffon golini, Thuram na Cannavaro nyuma, Verón katikati, Crespo na Chiesa mbele. Mei ya mwaka huo waliipiga Marseille 3-0 kule Moscow wakabeba Kombe la UEFA. Mzee mmoja pale kibandani alitangaza kwamba ligi ya Italia ndiyo mama wa ligi zote, Waingereza kazi yao kupiga mipira juu. Hakuna aliyembishia.

Leo naishi mji wenyewe. Parma ni mji mdogo kuliko Tanga, una mto ambao kiangazi unabaki mawe matupu, na una harufu ya jibini. Nilifika 2013. Kazi yangu ni ghalani: magurudumu ya jibini, kila moja lina kilo arobaini hivi, tunayapanga, tunayageuza, tunayapakia. Jezi ya kaka ilishachanika zamani, lakini kila nikimpigia simu swali la kwanza ni lile lile: "Timu zenu huko vipi, bado masikini?"

Zamani swali hilo liliniudhi, siku hizi namjibu. Naona watu wengi nyumbani wanadhani mpira wa Italia ulianguka kwa sababu nchi iliishiwa, au kwa sababu ya kashfa ya 2006 iliyoishusha Juventus daraja. Kashfa iliumiza, nakubali. Lakini ugonjwa ulikuwepo tangu siku za sherehe, tangu tunavaa jezi zao. Klabu hizi ziliishi kwa mfuko wa mtu mmoja. Kwa kweli hazikuwa na mapato, zilikuwa na mfadhili, na mfadhili ana siku zake.

Parma ilikuwa na Calisto Tanzi, mwenye Parmalat, kampuni ya maziwa ambayo makao yake yalikuwa Collecchio, kijiji cha jirani na hapa. Kwa maziwa hayo timu ya mji mdogo ilichukua Kombe la Washindi 1993 na Kombe la UEFA mara mbili, 1995 na 1999. Desemba 2003 ikagundulika kwamba hesabu za kampuni zilikuwa na shimo la takriban euro bilioni 14. Kulikuwa na barua ya kuonyesha kwamba kampuni tanzu yake huko visiwa vya Cayman ina karibu euro bilioni nne katika Bank of America. Barua ilikuwa ya kughushi, akaunti haikuwepo. Zaidi ya watu laki moja waliokuwa wamenunua hatifungani na hisa za kampuni hiyo walijikuta wameshika karatasi. Ninapokaa, ukilitaja jina la Tanzi baa, wazee wananyamaza kwanza. Wengine walikwenda hadi Wembley 1993 kuitazama Parma ikiifunga Antwerp, na furaha ile hawajui waiweke upande gani wa hesabu.

Wala Parma haikuwa peke yake. Lazio ilikuwa na Sergio Cragnotti wa Cirio, kampuni ya nyanya za kopo. Mwaka 2000 ikachukua ubingwa, ikamnunua Crespo kwa rekodi ya dunia, na miaka miwili baadaye Cirio ikashindwa kulipa madeni yake. Klabu ilibaki na deni la kodi la euro milioni 140, ikakubaliana na serikali kulilipa kwa miaka 23. Ishirini na tatu! Fiorentina ilifilisika 2002 ikaanzia daraja la nne kwa jina jingine. Napoli ya Maradona ilifilisika 2004. Inter iliishi kwa mafuta ya Moratti, Milan kwa televisheni za Berlusconi, na hao wawili walipochoka ndipo tukaanza kusikia majina ya Kichina na mifuko ya uwekezaji ya Marekani. Milan iliuzwa 2017 kwa mfanyabiashara wa Kichina, euro milioni 740, na mwaka mmoja baadaye wadai wake waliichukua. Inter ikapitia njia hiyo hiyo: Mei 2024, siku chache baada ya kusherehekea ubingwa, mkopo wa mwenye klabu ulifika mwisho bila kulipwa, na mdai akawa mmiliki.

Kuna na ule ujanja wa vitabu. Waitaliano wanauita plusvalenza, yaani faida ya kuuza mchezaji. Mimi nina mbuzi, wewe una mbuzi. Nakuuzia wangu kwa laki tano, unaniuzia wako kwa laki tano. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni, lakini jioni kila mmoja anaandika daftarini kwamba leo amepata faida, kwa sababu mbuzi mwenyewe alimlea kwa elfu hamsini. Fanya hivyo na vijana wa timu B kwa miaka ishirini, daftari litapendeza sana. Juventus walinyang'anywa pointi 10 mwaka 2023 kwa mambo ya aina hii.

Wakati Italia wakiuziana mbuzi, Waingereza walikuwa wanafanya kitu cha kuchosha kukitazama: wanajenga viwanja, na tangu 1992 wanauza haki za matangazo kwa pamoja na kugawana bila uchoyo mkubwa. Huku, kuanzia 1999 hadi 2010, kila klabu iliuza yake. Juventus, Milan na Inter wakala nyama, wengine wakalamba mfupa. Sheria ilipobadilika na kurudisha uuzaji wa pamoja, Wanigeria wa Lagos, Wachina wa Shanghai na sisi wa vibanda umiza vya Tanga tulikuwa tumeshahamia Arsenal na Manchester United, na aliyehama haoni sababu ya kurudi. Matokeo yake ni haya: msimu wa 2023/24 Sheffield United, walioshika mkia Uingereza wakashuka, walipata kutoka kwenye ligi yao fedha nyingi kuliko Inter waliokuwa mabingwa wa Italia.

Msimu wa 2002/03, kwa hesabu za Deloitte, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, Juventus ilikuwa ya pili duniani kwa mapato na Milan ya tatu, nyuma ya Manchester United peke yake. Mwaka huo huo fainali ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa Milan na Juventus. Msimu wa 2023/24 Real Madrid ilivuka euro bilioni moja, na katika kumi bora hamna hata klabu moja ya Italia. Milan haikufika milioni 400. Uwanjani bado wanajitutumua, Inter imecheza fainali 2023 na 2025. Ile ya pili walipigwa 5-0 na Paris, usiku ambao kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili, wote kicheko.

Viwanja ndivyo vinavyonikumbusha nyumbani zaidi. Tardini, uwanja wa Parma, upo katikati ya mji, una umri wa miaka mia moja na zaidi, na ni mali ya manispaa. Klabu ni mpangaji. San Siro yenyewe ilikuwa ya manispaa ya Milano hadi Novemba 2025, ndipo Milan na Inter walipoinunua kwa euro milioni 197, baada ya miaka ya vikao, pingamizi na michoro iliyotupwa. Mpangaji hajengi choo cha maana kwenye nyumba ya mtu. Juventus walifungua uwanja wao 2011, na ukitazama muongo uliofuata utaona nani alichukua ubingwa mara tisa mfululizo. Sisi Mkwakwani ya Tanga ni ya chama, CCM, Kirumba ya Mwanza ni ya chama, Sokoine ya Mbeya ni ya chama. Hapa wenzetu wa Ulaya na sisi tumekaa benchi moja, na Azam wenye Chamazi yao ndio Juventus wetu, angalau kwa upande wa hati ya kiwanja.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho. Msimu wa 2014/15 Parma ilikuwa Serie A, ligi kuu ya Italia, na wachezaji hawakulipwa mshahara kwa miezi. Mimi mbeba jibini mshahara wangu uliingia tarehe kumi kama kawaida. Nilikuwa nafuu kuliko mshambuliaji wa Serie A. Klabu iliuzwa kwa euro moja, ikauzwa tena kwa euro moja, bei ya kikombe cha kahawa hapa baa. Februari mechi ya nyumbani na Udinese iliahirishwa kwa sababu hapakuwa na fedha za kuwalipa walinzi wa mlangoni. Nilimpigia kaka kumweleza. Alikaa kimya, halafu akasema: "Kumbe na huko!" Kwake wachezaji kugomea mazoezi ni habari ya kila msimu, hakuamini kwamba Mzungu naye anaweza kukosa nauli ya timu.

Machi 2015 mahakama ikatangaza kufilisika. Msimamizi wangu wa ghala alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Huku benki inapokea jibini kama dhamana ya mkopo: magurudumu yanakaa ghalani miaka miwili yanakomaa, na mkulima anakopeshwa juu yake. "Kila mtu Parma anajua kukopa kwa jibini," akasema, "timu peke yake haikuwa na jibini." Uwanja si wake, jina la mfadhili limefutika, wachezaji wameondoka bure. Kilichobaki ni watu. Timu ilipoanza upya daraja la nne, maelfu walinunua tiketi za msimu mzima kuitazama ikicheza na timu za vijiji, na nahodha Alessandro Lucarelli alibaki nayo. Walipanda mara tatu mfululizo. Mwaka 2018 wakarudi Serie A. Wakashuka tena, wakapanda tena 2024, sasa chini ya Mmarekani aliyetajirika kwa maduka ya vituo vya mafuta kule Iowa. Na mimi hapo najiuliza, kama jirani zangu wengi: huyu naye siku zake ngapi?

Nyumbani tuna Parma yetu. Mtibwa Sugar ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000, miaka ile ile Parma inang'aa. Wao maziwa, sisi sukari. Tungekuwa na majani tungekunywa chai. Timu ya kiwanda, mishahara ya kiwanda, uwanja wa Manungu katikati ya miwa. Ilishuka daraja 2024 na kupanda mwaka uliofuata. Waliokuwepo kabla yake hawakubahatika hivyo. Timu za mashirika ya umma, reli, sigara, bandari, nyingi zilikwenda na mashirika yaliyozilisha yalipouzwa au kupunguzwa miaka ya tisini. Tukuyu Stars waliochukua ubingwa 1986 mtoto wa leo ukimtajia atadhani ni bendi.

Ndiyo maana sichangamki sana wenzangu wanaponiambia ligi yetu imekua. Imekua kweli, sibishi: Yanga fainali ya Shirikisho Afrika 2023, Simba fainali hiyo hiyo 2025, Azam Media na mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa 2021. Huo mkataba wa matangazo nausifu, maana unalipa hata timu ya mwisho. Lakini ukiondoa fungu hilo, uzito mkubwa wa timu kubwa unabebwa na matajiri wachache, na sisi mashabiki tunawaimba majina kama Waparma walivyomwimba Tanzi. Sisemi wetu wana barua za kughushi, Mungu anilinde na kesi. Nasema tu hata tajiri mwaminifu huzeeka, hugombana na wanachama, au huamka siku moja akaona mpira hauna raha tena. Moratti hakuwa mwizi. Alichoka.

Jumapili iliyopita kaka alinipigia saa nzima kuhusu usajili. Timu yake siitaji, tusije tukatukanana hapa. Ana kadi ya uanachama, amelipia mwaka, haki yake anaijua. Akanitajia straika wanayemtaka kutoka Afrika Magharibi, dau lake kwa dola, mshahara wake kwa mwezi, hata nyumba atakayopangishiwa. Nikamuuliza mechi ya juzi mlangoni zilikusanywa shilingi ngapi.

"Mlangoni?" akasema. "Hayo muulize mweka hazina."