Mann-Whitney sio dawa ya kila data: takwimu za nonparametriki kwenye utafiti wa elimu

Ukipitia tasnifu za masters za elimu unakutana na sentensi ileile, "data hazikufuata mgawanyo wa kawaida hivyo mtafiti alitumia Mann-Whitney", halafu basi, maelezo yameishia hapo. Mgawanyo wa kawaida ni ule ambao wengi wako karibu na wastani na wachache wako mbali nao pande zote mbili, na Mann-Whitney ni kipimo cha kulinganisha makundi mawili bila kuudai. Mimi naona vipimo vya nonparametriki, yaani visivyodai mgawanyo huo, vinatufaa sana kwenye elimu, ila sababu tunazotoa za kuvitumia mara nyingi sizo.

Utetezi wake uko wazi, data zetu nyingi ni madaraja tu. Kidato cha nne NECTA (baraza la mitihani la Tanzania) wana A kuanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, chini ya hapo F. Angalia C ilivyo pana, alama 20, wakati B ni alama 10 tu. Aliyepata 45 na aliyepata 64 wote wana C, wa 64 na wa 65 wameachana daraja zima! Sasa mtu anazichukua hizo herufi, anazipa pointi 1 mpaka 5, anatafuta wastani na kuuingiza kwenye kipimo cha t, kile kinacholinganisha wastani wa makundi mawili, kana kwamba umbali wa A na B ni sawasawa na wa C na D. Tunachokijua kwa uhakika ni nani kamzidi nani, basi, na hapo Mann-Whitney au Kruskal-Wallis (ndugu yake ya makundi matatu na zaidi) ndo zinakaa vizuri maana zinawapanga watu wote toka wa chini hadi wa juu halafu zinapiga hesabu kwenye nafasi zao. Na hupotezi kikubwa, kwenye sampuli kubwa yenye mgawanyo wa kawaida kabisa, Mann-Whitney ya watu 1000 ina nguvu (uwezo wa kugundua tofauti iliyopo) kama kipimo cha t cha watu 955 hivi.

Upande wa pili sasa. Tumefundishana kwamba sampuli ikiwa ndogo unakimbilia nonparametriki na umepona. Chukua shule 3 zenye mradi na 3 zisizo nao. Nafasi 6 zinaweza kugawanywa kwa njia 20, kwa hiyo hata shule zote 3 za mradi zikiongoza, thamani ya p ya pande mbili (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo, upande wowote, kwa bahati tu) haishuki chini ya 0.10. Yaani 0.05, mpaka uliozoeleka wa kusema tofauti si bahati tu, huifikii hata ufanyeje, jibu lilishaamuliwa kabla hujapanda basi kwenda kukusanya data.

Ila linaloniuma zaidi ni hili la mikondo. Mtafiti anachukua Form Two A inafundishwa kwa majadiliano, Form Two B kwa mhadhara, wanafunzi 45 kila mkondo, anaandika sampuli ni 90. Anapata p ya 0.001 anafurahi. Lakini A ina mwalimu wake, ina vipindi vyake vya asubuhi, pengine hata uongozi wa shule uliwapanga wanafunzi kwa uwezo, na watoto wa darasa moja wanaambukizana kuelewa na kutoelewa. Kiukweli hapo una madarasa mawili tu. Mann-Whitney haidai mgawanyo wa kawaida, sawa, ila inadai kila mtu asimame peke yake, na hilo tunaliruka kabisa kwa sababu tumeshatoa ushahidi wa Shapiro-Wilk (kipimo cha kuangalia kama mgawanyo ni wa kawaida) na supavaiza karidhika. Hakuna kipimo cha nafasi kitakachomtenganisha mwalimu na mbinu yake, dawa ni kuongeza madarasa.

Softiwea za takwimu nazo zimechangia pande zote mbili. SPSS menyu zake ni nyepesi, mwalimu asiyejua kuandika kodi anapata majibu yake, na hilo ni jambo kubwa, ila leseni ni ghali. JASP na jamovi ni bure na zina menyu vilevile, sioni kwa nini vyuo vyetu visianze nazo. R nayo ni bure, unaandika kodi kwa hiyo inasumbua mwanzoni, lakini ukiipa madaraja yenye A mpaka F tu, ambapo makumi ya watoto wamefungana, na kila kundi lina watoto chini ya 50, matoleo yake mengi yanakuonya kwamba thamani kamili ya p haiwezi kupatikana na yametumia makadirio. SPSS inakuandikia tu "Asymp. Sig." na wengi wanainakili kwenye sura ya nne, ile ya matokeo, bila kujua kuwa hayo pia ni makadirio. Halafu kwenye R amri zote zinabaki kwenye faili, supavaiza anaweza kuzirudia mwenyewe na kuona ulijaribu vipimo vingapi kabla ya kuchagua hicho ulichoandika.