Kaunta ya Kurudishia Bidhaa

Tangu nihamie Reading, Uingereza, nimeingia mara nyingi katika duka la John Lewis, kampuni inayouza nguo na vifaa vya nyumbani, mara nyingine bila kununua hata soksi, na nimefikia kuamini kwamba kilichoivusha kampuni hiyo katika zama za intaneti si tovuti yake, bali ni kaunta ambayo mteja hurudishia bidhaa zisizomfaa.

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1864 kwa duka moja la vitambaa katika Oxford Street, London. Mwaka 2001 ilinunua tawi la Uingereza la kampuni ya Marekani ya Buy.com na kujenga juu yake duka lake la mtandaoni. Mwaka 2008 ikaanza kuwaruhusu wateja kuagiza mtandaoni na kuchukua mzigo dukani. Baadaye ikayatumia pia maduka ya vyakula ya Waitrose, inayoyamiliki tangu 1937, hivi kwamba mtu huchukua pasi ya umeme aliyoiagiza jana palepale anaponunua mkate. Majira ya baridi yaliyopita niliagiza koti ambalo mikono yake ilinifika vidoleni. Mhudumu aliikagua risiti, akalikunja koti na kunirudishia fedha bila kuniuliza sababu.

Siwadharau wafanyabiashara wa kwetu Tanzania, wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Mfanyabiashara aliyepiga picha ya gauni asubuhi, akaituma WhatsApp na kulipwa kwa simu, huweza kulifikisha Mbagala kabla ya magharibi kwa bodaboda anayeelekezwa ashuke kituoni, aulize duka la Mangi, kisha akate kushoto penye mwembe. Kwa kasi hiyo, huku nilipo hawatufikii. Hata anwani, ambazo zamani tulizilaumu kwa kila mzigo uliopotea, zimepata vibao na namba tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Lakini dada yangu alipoletewa kiatu cha kulia namba 38 na cha kushoto namba 40, muuzaji alimjibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akamfungia simu.

Kwa sababu hiyo naona John Lewis ilijiumiza ilipoamua, mwaka 2020 na 2021, kufunga maduka 16, likiwemo la Sheffield. Gharama zilikuwa kubwa na janga la korona lilikuwa limewafungia watu majumbani, nalielewa hilo. Hata hivyo, duka linapofungwa, mteja wa mtandaoni naye hupoteza mahali pa kwenda kulalamika ana kwa ana.

Kwetu kaunta kama hiyo haihitaji jengo la ghorofa. Wenye maduka wa mtaa mmoja wa Kariakoo wanaweza kuchangia chumba, karani na daftari, ili anayeuziwa kwa simu ajue pa kurudi. Kwa sasa dada yangu hununua kwa muuzaji mmoja tu, ambaye meza yake anaijua ilipo, Mtaa wa Kongo.