Kalunguyeye wa Dodoma, bili ya umeme ya Ohio

Kwetu Dodoma kalunguyeye hafugwi. Mvua za kwanza zikinyesha na wadudu wakatoka, unamkuta uani usiku akinusanusa kando ya mtungi. Ukimsogelea anajikunja, mpira wa miiba, unamwacha. Asubuhi hayupo. Basi nilipomwona nyuma ya kioo cha duka hapa Ohio, Marekani, kabandikwa bei ya dola 250, nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama.

Binti yangu hakucheka. Alinibembeleza miezi miwili, nikalegea.

Ni yuleyule wetu, wa Afrika. Miaka ya 1980 walisafirishwa kwa wingi, hasa kutoka Nigeria, mpaka Marekani ilipofunga mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Wanaouzwa leo ni vitukuu waliozaliwa huku. Ila mwili haujui kama umehamia Ohio. Unataka joto la nyuzi 24 na zaidi, mwaka mzima, na joto hilo hapa ni la umeme. Baridi ikimpata anazama kwenye usingizi mzito, na binamu yake wa Ulaya huamka salama kutoka usingizi huo. Huyu wetu mara nyingi haamki.

Januari moja umeme ulikatika usiku. Nilimkuta kajikunja nusu tu, miiba imelala, tumbo la baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikamtia ndani ya sweta, kifuani, nikakaa jikoni gizani. Alinichoma kila nilipovuta pumzi. Baada ya kama saa mbili akapuliza pua, fyuu, kwa hasira. Sijawahi kufurahia kununiwa namna ile.

Hayo ya baridi angalau yanasimulika. Ya kila siku ni gurudumu lake la kukimbilia linalozunguka mpaka alfajiri, na asubuhi limepakwa mavi kote, na mavi yenyewe yanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. CDC, shirika la afya la serikali ya Marekani, imeshaonya watu wasiwabusu wanyama hawa. Mimi sikujua kama kuna mtu anahitaji kuonywa. Kliniki tatu za mifugo ziliniambia wao ni mbwa na paka tu. Ya nne ilikuwa zaidi ya saa nzima kwa gari. Na bado hapa ni ruhusa. California na jiji la New York wamepiga marufuku kabisa.

Watu husema mtoto atajifunza kuwajibika. Labda. Kwangu mtoto alilala saa tatu, na mnyama akaamka saa tatu. Aliyewajibika ni mimi.

Kalunguyeye alipofika miaka mitatu miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, kama mtu aliyetoka kilabuni. Ugonjwa huo unajulikana sana kwa kalunguyeye wa kufugwa na hauna dawa. Wiki za mwisho tulimlisha kwa bomba la sindano, zamu kwa zamu, na hapo binti yangu hakukosa zamu hata moja.

Sasa mpwa wangu wa Dar kaona video za kalunguyeye wakiogeshwa kwenye beseni, kaniandikia: "Anko, nipate wapi mmoja?" Nikamkumbusha kwamba kwetu kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Kisha nikamwambia mvua zikianza apande basi aende Dodoma kwa bibi, azime taa ya uani, akae kimya. Hajajibu.